Siku ya kuzaliwa ya kijana: Jikune ujipatapo

Mzazi mwenye kijana wa miaka 13 kwenda juu anaijua vyema hali hii. Alipokuwa mdogo, siku yake ya kuzaliwa ilikuwa kazi rahisi. Keki moja na soda chache, watoto wa ploti wanaitwa, wanaimba, wanakula, na saa kumi na mbili jioni kila mmoja yuko kwao. Sasa amekua. Hataki tena baluni sebuleni wala kuimbiwa mbele ya shangazi zake. Anataka kutoka na wenzake, waende mjini, mahali pa kupiga picha nzuri. Na orodha yake ina majina kumi.

Mbele ya orodha hiyo, wazazi wengi wa jijini huchukua mojawapo ya njia mbili. Kuna anayekataa katakata, akisema hizo ni anasa za matajiri. Halafu kuna anayekopa ili mwanawe asionekane mnyonge mbele ya marika yake, kisha mwezi mzima nyumba nzima inalipia saa mbili za kuku na chipsi. Wahenga walisema kila mtu hujikuna ajipatapo. Nairobi ina mahali pengi pa kumfurahisha kijana bila kuvunja benki ya nyumbani, mradi mpango ufanywe mapema na ufanywe na wote wawili, mzazi na mwenye siku yake.

Mfuko wa nani?

Kabla ya kutaja mahali, fikiria kijana mmoja katika orodha ile. Huenda babake aliachishwa kazi, au mamake anauza mboga na siku hizi biashara ni mbaya. Akisikia kwamba kila mmoja aje na Sh1,500 za kula katika jumba la maduka, hatasema hana. Atasema ana mtihani, au ametumwa kwa nyanya yake, au anaumwa na kichwa. Vijana wa umri huu huona haya kuliko wanavyoona njaa. Wenzake wataenda, watapiga picha, na Jumatatu ataonyeshwa picha hizo akiwa kimya. Urafiki wa tangu darasa la kwanza huanza kulegea namna hiyo, bila ugomvi wowote.

Kwa hivyo sherehe isipimwe kwa mfuko wa mwenye siku yake, bali kwa mfuko mdogo kuliko yote katika kundi zima. Mkiweza kugharamia kila kitu, punguzeni majina mpaka fedha zitoshe, kisha mwambie kila mgeni waziwazi kwamba haji na chochote. Msipoweza, mchango upokewe na mzazi mmoja peke yake, kwa bahasha au kwa simu, na kila nyumba itoe ilicho nacho. Kijana yeyote asijue mwenzake ametoa ngapi. Tangazeni pia kwamba zawadi hazitakiwi. Kadi iliyoandikwa kwa mkono inatosha, na aghalabu ndiyo huhifadhiwa miaka mingi.

Hesabu ifanywe mezani

Mpe kijana jumla ya fedha zilizopo, kalamu na karatasi, kisha umwache agawanye mwenyewe. Tuchukue mfano wa vijana wanane na mtu mzima mmoja, na kwamba nyumba imetenga Sh5,000. Nauli ikiwa Sh100 kwenda na Sh100 kurudi, watu tisa watatumia Sh1,800. Kiingilio kikiwa Sh100 kwa kila mmoja, hizo ni Sh900. Chakula cha kubeba kitengewe Sh1,500 na keki ya kuoka nyumbani Sh400. Zinabaki Sh400, nazo zisiguswe. Hizo ni za mvua.

Maneno hayo ya mvua si mzaha. Mkazi yeyote wa Nairobi anajua kwamba wingu likitanda, nauli ya matatu hupanda kabla tone la kwanza halijaanguka. Kundi la vijana lisilo na akiba hujikuta limekwama stejini jioni, na hapo ndipo hatari huanza.

Viwango hivyo ni vya mfano tu. Ada za kuingia hubadilika, na hutofautiana baina ya mtoto, mtu mzima, mwananchi na mgeni. Ulizeni wiki moja kabla. Isitoshe, mbuga na makumbusho ya serikali sasa hulipiwa kwa njia ya eCitizen, kwa hivyo mtu mzima awe na simu yenye chaji na fedha ndani yake. Vijana wabebe kadi zao za shule, kwani langoni huenda wakaulizwa umri.

Mandari chini ya miti

Kwa wenye fedha kidogo, hakuna kinachoshinda mandari. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyo karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kukua haraka ambayo ingetumiwa kama kuni za garimoshi. Leo ni takriban hekta 30 za kivuli na nyasi, na kundi la vijana wenye miguu mizima linaweza kutembea hadi huko kutoka katikati ya jiji. Jihadharini na kima. Wanajua sauti ya mfuko unaofunguliwa, na keki isiyolindwa ni yao.

Wanaopenda kutembea zaidi waende Karura. Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanyakuzi waliutaka kwa ujenzi, na Profesa Wangari Maathai pamoja na wenzake, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, walipigwa wakiutetea. Miaka michache baadaye, mwaka wa 2004, Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ndani yake mna maporomoko ya maji, na mapango yanayosemekana kuwahi kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Kijana anayelalamika kwamba msitu hauna la kutazama, mpelekeni pangoni kwanza.

Chakula kitoke nyumbani: viazi karai, bajia, mayai ya kuchemsha, mahamri, ndizi na sharubati. Lakini angalieni vyombo. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na sahani, zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya hifadhi. Bebeni vikombe na sahani za nyumbani, kisha mrudi nazo.

Simba, garimoshi na ghorofa

Vijana wasiopenda majani wana mji wenyewe. Karibu na stesheni ya reli ya Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo mna vichwa vya garimoshi vya zamani ambavyo mtu anaweza kupanda na kusimama alipokuwa akisimama dereva. Mna pia behewa lenye kisa cha kusisimua. Mwaka wa 1900, katika stesheni ya Kima, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo akimvizia simba aliyekuwa akiwala watu. Usingizi ukamchukua, na simba ndiye aliyemvizia yeye. Vijana wakisimuliwa hayo wakiwa wamesimama kando ya behewa lenyewe, hakuna atakayekumbuka simu yake kwa dakika kadhaa.

Kutoka hapo, kwa miguu, wanaweza kufika katika bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali palipokuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka wa 1998. Wao hawakuwa wamezaliwa, na wengi hupita nje ya ua bila kujua ni kwa nini majina yameandikwa ukutani. Kisha waelekee jumba la KICC, lililokamilika mwaka wa 1973. Ulizeni kwanza kama wageni wanaruhusiwa kupanda paani siku hiyo. Mwishowe wapumzike katika bustani ya Jeevanjee.

Kuna pia wanaotamani wanyama. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka wa 1946, lakini kuizunguka kunahitaji gari. Wasio na gari waende Safari Walk, kwenye lango kuu la Lang'ata, ambako wanyama hutazamwa kwa miguu.

Uhuru wenye mipaka

Hakuna barubaru anayetaka kusherehekea akiwa ameshikwa mkono. Hata hivyo, mtu mzima awepo, akae umbali wa benchi mbili au tatu, na asome gazeti lake. Kaka au binamu aliyemaliza shule anafaa zaidi kuliko mzazi. Nambari za simu za wazazi wote ziandikwe kwenye karatasi, kwani chaji huisha. Kila kijana awe na mwenzake mmoja wa kumwangalia, na pawe na mahali pamoja palipokubaliwa pa kukutania endapo mtu atapotea. Jijini giza huingia saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kwa hivyo saa kumi alasiri safari ya kurudi ianze.

Suala la pombe lizungumzwe nyumbani, bila kufichaficha. Sheria ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Novemba 2020, wakati wa corona, polisi jijini waliwakamata vijana zaidi ya 40 waliokuwa kwenye karamu katika nyumba moja. Kijana aliyenyimwa matembezi ya mchana ndiye anayekubali kwa urahisi mwaliko wa nyumba isiyo na mzazi.

Kisha kuna desturi ya vijana wetu ya kumwagia maji mwenye siku yake. Haina ubaya ikiwa amekubali na amebeba nguo za kubadilisha. Mayai na unga yabaki jikoni, kwani hayo ni chakula cha mtu.

Wiki ya mwisho, mzazi apitie orodha pamoja na mwanawe, jina kwa jina. Waliothibitisha si tatizo. Yule ambaye hajajibu, au aliyejibu kwamba ana shughuli nyingine, ndiye wa kupigiwa simu. Zungumza na mzazi wake, mweleze kwamba nauli imelipwa na chakula kipo, na kwamba mnachoomba ni mtoto tu. Huenda kweli ana shughuli. Lakini mara nyingi utasikia kimya kifupi upande wa pili wa simu, kisha uulizwe wanakutana stejini saa ngapi.