Daftari Moja kwa Meza Zote

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia, hata hivyo, mali hiyo huwaje pale madaftari yanapokuwa matatu.

Tuchukue mfano, ndugu msomaji. Mama mmoja, mjane, anatoka nyumbani kwake Bugarama alfajiri kwenda katika ofisi ya ardhi kuulizia shamba la michikichi aliloachiwa na marehemu mumewe. Kwenye meza ya kwanza karani anafungua kompyuta yake na kumwambia kwamba jina la marehemu limo. Kwenye meza ya pili anaambiwa kwamba shamba hilo halijaandikwa. Kwenye meza ya tatu anaonyeshwa jina la shemeji yake. Hakuna karani aliyesema uongo. Kila mmoja amesoma daftari lake, na kila daftari lilinakiliwa siku tofauti kutoka kwa mwenzake. Mama anarudi nyumbani jioni bila jibu.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini ofisi za namna hiyo si za mfano. Ziko katika ushirika, shule, zahanati na tarafa. Kompyuta zimenunuliwa, makarani wamefundishwa, lakini daftari linasafirishwa kutoka meza hadi meza kwa kijiti cha kuhifadhia kumbukumbu. Baada ya mwezi mmoja utakuta faili linaloitwa "Daftari", jingine "Daftari jipya", na la tatu "Daftari la mwisho kabisa". Hakuna ajuaye lipi ndilo.

Uzito wa jambo hili ufukweni

Katika ukanda wa Rumonge jambo hili halina mzaha. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 watu wengi walikimbia, na wengi wao walivuka kwenda Tanzania na Kongo. Ardhi zao zilishikwa na watu wengine, na baadhi yao walizipata kwa idhini ya wakuu wa wakati ule. Wakimbizi waliporejea baada ya miaka mingi, watu wawili walijikuta wakidai michikichi ile ile, kila mmoja akiwa na maelezo yake. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ili kushughulikia madai hayo, na sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ikaziwezesha tarafa kuwa na ofisi za kutoa hati za ardhi. Mahali penye historia ya namna hiyo, madaftari mawili yasiyolingana ni mbegu ya ugomvi baina ya majirani, tena baina ya ndugu wa tumbo moja.

Daftari la pamoja ni nini?

Hifadhidata ya pamoja ni daftari lililowekwa katika kompyuta moja tu, ambalo kompyuta nyingine zote hulisoma na kuliandika kwa kupitia waya. Neno la kushika hapa ni "moja". Karani wa meza ya pili hana nakala. Anauliza, naye anajibiwa kutoka palepale anapojibiwa mwenzake. Makarani wawili wakitaka kusahihisha mstari mmoja kwa wakati mmoja, programu iliyowekwa vizuri humtanguliza mmoja na kumsubirisha wa pili.

Programu za kazi hii ni za aina mbili. Ya kwanza, kama Microsoft Access, huweka faili katika kompyuta moja, na kila kompyuta hulifungua yenyewe kupitia mtandao wa ofisi. Ni rahisi kujifunza na hufaa kwa watu wachache, lakini faili lake haliwezi kupita gigabaiti 2, na mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika laweza kuharibika. Aina ya pili, kama PostgreSQL na MariaDB, huwa na mtumishi mmoja ndani ya kompyuta kuu ambaye peke yake hugusa daftari. Wengine humtumia maombi. Umeme ukikatika kabla kazi haijakamilika, kazi hiyo hufutwa yote, ili pasibaki nusu ya maandishi. Programu hizi mbili hutolewa bure, lakini zahitaji fundi wa kuziweka na kuzitunza. Ofisi iandike gharama ya fundi huyo katika bajeti yake tangu mwanzo.

Kabla ya waya, majina

Wengi huanza na kununua vifaa. Huko ni kutanguliza mkokoteni mbele ya ng'ombe. La kwanza ni kukaa mezani kwa karatasi na kalamu na kuamua kila kitu kitatambulikaje.

Chukua jina Bugarama lenyewe. Iko Bugarama hii yetu ya upande wa ziwa, kati ya Bujumbura na Rumonge. Iko Bugarama ya Muramvya, penye njia panda na soko la mboga. Tena iko Bugarama nyingine nchini Rwanda, katika wilaya ya Rusizi. Binadamu huelewa ni ipi inayosemwa, lakini kompyuta haielewi. Hivyo kila mahali papewe namba yake, na jina liwe maelezo tu.

Mipaka nayo hubadilika. Bugarama ilihesabiwa katika Bujumbura ya vijijini hadi mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015. Kisha mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Ofisi iliyoandika jina la mkoa na tarafa katika kila mstari wa kila shamba ilijitwisha kazi ya kusahihisha maelfu ya mistari. Ofisi iliyoandika namba ya kilima tu, na kuweka orodha ya vilima na tarafa zake mahali pamoja, ilikuwa na orodha moja ya kurekebisha.

Vivyo hivyo kwa watu. Nchini Burundi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, na wakati huohuo majina kama Niyonzima au Ndayishimiye yamejaa kila kilima. Kwa hiyo mtu asitambuliwe kwa jina peke yake. Apewe namba, kisha yaandikwe majina ya baba na mama, mwaka wa kuzaliwa na kilima. Na lisisahauliwe hili: kama fomu haina nafasi ya jina la mke, kompyuta haitalikumbuka. Mjane wa mfano wetu anaweza kuwa alipotezwa na fomu kabla ya kupotezwa na karani.

Hatua za kuweka

Kwanza, chagueni kompyuta moja iwe kuu. Isiwe ile ya mkuu wa ofisi anayosafiri nayo. Ikae katika chumba kinachofungwa, penye hewa, mbali na dirisha na juu ya sakafu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za ufukweni; mwenye kuweka mitambo chini ajue ana jirani asiyebisha hodi.

Pili, unganisheni kompyuta zote kwa waya kwenye kisanduku kimoja ambacho mafundi hukiita swichi. Waya mmoja usipite mita 100. Intaneti haihitajiki kwa kazi hii, na ofisi isiyo nayo isijione duni.

Tatu, kompyuta kuu ipewe anwani isiyobadilika, kama nyumba iliyopigwa namba mlangoni. Anwani ikibadilika kila asubuhi, kompyuta nyingine zitabisha hodi kwa jirani.

Nne, kila karani awe na jina lake na neno lake la siri. Mpokeaji wageni asome tu, mwandishi aandike, na kufuta kuwe kazi ya msimamizi. Programu iandike nani alibadilisha nini na saa ngapi. Neno la siri lililobandikwa ukutani ni sawa na mhuri uliosahauliwa sokoni.

Tano, iwepo betri ya akiba, walau ya kuwezesha kompyuta kuu kuzimwa kwa utaratibu umeme ukikatika.

Sita, kila jioni itolewe nakala ya akiba, na nakala moja ilale nje ya jengo hilo. Kila mwezi jaribuni kuirudisha katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Mfano wa Mosoriot

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni ya miji mikubwa. Sivyo. Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha daftari la wagonjwa la kompyuta. Vifaa vilikuwa kompyuta mbili zilizounganishwa, programu ya Microsoft Access na betri za nguvu ya jua. Karatasi haikufukuzwa: mgonjwa aliandikishwa mlangoni, akapita kwa waganga na fomu mkononi, na wakati wa kuondoka karani akaiingiza katika kompyuta. Walipopima, ziara ya mgonjwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 22. Muda huo ulirudi kwa mama aliyeacha watoto nyumbani na jembe shambani.

Tusidanganyike

Kompyuta si hakimu. Haijui nani alilima kwanza wala nani alifukuzwa. Ukiingiza uongo, itauhifadhi kwa uaminifu na kuupeleka meza zote kwa mara moja. Kwa hiyo kila mstari mpya usomwe na watu wawili dhidi ya karatasi ya asili, na karatasi hizo zitunzwe.

Nawe, mama au baba wa nyumbani, una sehemu yako. Ukiandikisha shamba, mtoto au mchango wa ushirika, omba usomewe kilichoandikwa kabla hujaondoka. Uliza namba ya kumbukumbu yako na uihifadhi pamoja na hati, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hakikisha majina yenu nyote wawili yamo. Na siku utakapoulizia jambo lako, pita kwenye meza mbili na usikilize. Majibu yakilingana, ofisi hiyo ina daftari. Yasipolingana, waombe makarani walisahihishe palepale, nawe ukiwapo.