Maji Yachemkayo kwa Digrii 40: Sayansi ya Kuchagua Kompyuta Mpakato Kando ya Ziwa

Chuo Kikuu cha Maseno na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoko Bondo, vinapopokea wanafunzi wapya, swali moja hurudi mjini Kisumu: je, mzazi anunue kompyuta mpakato nyembamba, nyepesi na ya bei nafuu, pengine ya mtumba iliyokwisha kutumika Ulaya, au ajikaze anunue ile nzito yenye nguvu, ambayo bei yake huweza kuwa mara tatu au nne zaidi? Wauzaji wa Barabara ya Oginga Odinga hulijibu kwa tarakimu wanazozijua kwa ghibu, yaani gigabaiti za kumbukumbu, ukubwa wa diski na kizazi cha kichakataji, na kwa kuwa tarakimu hizo huandikwa kwenye kila sanduku, hakuna haja ya kuzirudia hapa. Tarakimu yenye uamuzi haiandikwi popote, nayo ni kiasi cha joto ambacho kompyuta inaweza kukiondoa ndani yake kila sekunde, saa baada ya saa, katika chumba cha kando ya ziwa ambamo hewa ya alasiri hufikia digrii 30 za Selsiasi.

Kichakataji, au prosesa kama wengi waitavyo, ni kipande cha silikoni kilichosheheni mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno ambazo hujazwa chaji ya umeme na kuimwaga kila zinapofunguka na kufungika. Umeme unaotumika huongezeka sambamba na idadi ya mapigo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa gigahezi, na huongezeka pia kwa mraba wa volteji. Na kwa kuwa mapigo ya kasi zaidi huhitaji volteji ya juu zaidi, kichakataji kinachoharakishwa kwa asilimia 20 tu huweza kudai umeme uliozidi kwa asilimia 70. Umeme huo hauinui mzigo wala hausukumi gurudumu, hivyo wote huishia kuwa joto. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake, joto katika kila milimita ya mraba halitaongezeka, na kanuni hiyo iliibeba sekta nzima kwa takriban miaka 30, hadi volteji ilipokataa kushuka zaidi kwa sababu transista zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa. Tangu hapo, uwezo wa kuondoa joto umekuwa ndio mpaka wa nguvu ya kompyuta.

Kichakataji cha kompyuta nyembamba kwa kawaida hupangiwa wati 15, ilhali cha kompyuta yenye nguvu hupangiwa wati 45 au zaidi, na kando yake hukaa kadi ya michoro inayoweza kudai wati nyingine 100. Silikoni inapokaribia digrii 100, kichakataji hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na hapo kasi iliyoandikwa kwenye sanduku hubaki kuwa kasi ya dakika ya kwanza tu. Kwa hiyo joto sharti liondolewe pale linapozaliwa na kupelekwa ukingoni mwa kompyuta, ambako feni hupuliza hewa kati ya vibati vyembamba vya shaba au alumini viitwavyo mapezi, na njia kati ya ncha hizo mbili ni karibu shubiri moja.

Jibu la haraka lingekuwa kuunganisha ncha hizo kwa fimbo ya shaba, kwa kuwa shaba ni kipitishi hodari cha joto. Lakini hesabu hulikataa jibu hilo bila huruma. Fimbo ya shaba yenye kipenyo cha milimita 6 na urefu wa sentimita 15, ikitakiwa kupitisha wati 30 tu, huhitaji tofauti ya takriban digrii 400 kati ya ncha moja na nyingine, maana yake ni kwamba kichakataji kingekufa zamani kabla joto halijafika kwenye feni. Hata hivyo, anayefungua kompyuta hukuta hasa kitu cha umbo hilo, chenye rangi ya shaba na kilicho bapa kidogo, ambacho hupitisha wati hizo hizo kwa tofauti ya digrii chache. Siri yake ni kwamba si fimbo. Ndani ni kitupu, au karibu kitupu.

Kifaa hicho chaweza kuitwa mrija wa joto. Wapo watakaopendelea kusema bomba la joto, lakini bomba humfanya msikilizaji afikirie kitu kinachosukumwa kwa pampu na kumwagika upande wa pili, na hapa hakuna pampu wala kinachomwagika. Mrija hukumbusha kufyonza, na kufyonza ndiko hasa kunakokiendesha kifaa hiki. Mrija huo huondolewa hewa yote, ukatiwa kiasi kidogo sana cha maji safi, kisha ukazibwa moja kwa moja. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na utambi wa unga wa shaba uliookwa hadi ukashikamana, wenye vinyweleo vingi ambamo maji hujishikilia.

Kuondolewa kwa hewa ndiko kunakoleta maajabu. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa kitu kinachoyakandamiza. Kwa kuwa uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, sufuria ya Kisumu huchemka kwa takriban digrii 96 badala ya 100. Ndani ya mrija hakuna hewa kabisa, hivyo maji hukandamizwa na mvuke wake yenyewe tu, na hata kwa digrii 40, ambapo mgandamizo huo ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya ule wa hewa ya Kisumu, joto dogo likiongezwa upande mmoja hutosha kuyageuza maji ya hapo kuwa mvuke. Kila gramu inayogeuka huchukua joto la karibu juli 2,400 bila kupanda hata digrii moja, nalo huitwa joto fiche kwa sababu kipimajoto hakilioni. Gramu hiyo hiyo ikipashwa moto kwa digrii 10 tu huchukua juli 42. Kwa hiyo, ili kuondoa wati 45, inatosha kuvukiza takriban gramu 0.019 za maji kila sekunde, yaani chini ya nusu ya tone la kawaida.

Mkazi wa kando ya ziwa ameishi ndani ya mashine ya aina hiyo tangu kuzaliwa. Jua hulipiga ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, nalo haliwi moto kama sufuria, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na mvuke ikiwa imefichika. Mchana nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo wa ziwani huvuma kuelekea bara na kuuchukua mvuke huo juu ya nyanda za Kano hadi kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, ambako hukutana na upepo wa mashariki, ukalazimika kupanda, ukapoa na kurudi kuwa maji kwa radi na ngurumo, mara nyingine kwa mvua ya mawe ambayo wakulima wa chai wa huko wanaijua vizuri mno. Joto lililochukuliwa juu ya uso wa ziwa hufichuliwa huko angani, kilomita nyingi kutoka lilikozaliwa, na hakuna tone la maji moto lililopanda mlima kulipeleka. Kisha maji huteremka kwa Mto Nyando na Mto Sondu-Miriu hadi Ghuba ya Winam ya ziwa hilo hilo, tayari kwa safari nyingine. Katika mrija wa joto, ziwa ni ncha iliyogusa kichakataji, miinuko ya Nandi ni ncha iliyogusa mapezi, na Nyando ni utambi wa shaba. Mfano huo hueleza hata magonjwa ya kifaa. Laiti miinuko ya Nandi ingekuwa na joto kama la ziwa, mvuke ungepita bila kugeuka mvua, na ndivyo inavyokuwa feni inapozibwa na ncha ya baridi ikaacha kuwa baridi. Na laiti jua lingekausha maji kwa kasi kuliko Nyando inavyoyarudisha, ufuo ungebaki matope yaliyopasuka, na ndivyo ncha ya moto ya mrija inavyokauka pale inapolazimishwa kubeba wati kuliko utambi wake unavyoweza kuhudumia.

Tofauti moja ni ya kupendeza zaidi kuliko mfanano wote. Nyando hurudisha maji kwa kuteremka, bali utambi huyarudisha hata yakiwa yanapanda, kwa nguvu ya kapilari, ambayo ni mvuto kati ya maji na kuta za vinyweleo vyembamba na ndiyo hiyo inayopandisha mafuta kwenye koroboi. Kwa sababu hiyo kompyuta yaweza kuinamishwa bila kuungua, na kwa sababu hiyo hiyo kifaa hiki kilivutia wahandisi wa anga, kwa kuwa angani hakuna kuteremka. Richard Gaugler wa kampuni ya General Motors alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1944, lakini lilisahaulika hadi mwaka 1963, George Grover wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani alipolibuni upya na kulipa jina.

Kutokana na hayo, tofauti ya kompyuta nyembamba na ile nzito huonekana waziwazi chini ya kifuniko. Ya kwanza huwa na mrija mmoja na feni moja ndogo, au haina feni kabisa. Ya pili huwa na mirija kadhaa, feni mbili na mapezi mengi, na uzito unaolalamikiwa na mbebaji kwa sehemu kubwa ni shaba hiyo pamoja na betri. Kando ya ziwa kila feni hufanya kazi kwa hasara kidogo, kwa kuwa hewa ya Kisumu ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile, hivyo kila mzunguko wa feni huondoka na joto dogo zaidi. Usubi wa ziwani nao, unaovutwa na mwanga usiku, si mgeni mwema wa mapezi.

Uamuzi basi hutegemea urefu wa kazi. Shaba baridi humeza joto la nusu dakika ya kwanza bila shida, na kazi nyingi za mwanafunzi, kama kuandika insha, kufungua kurasa za intaneti na kujumlisha hesabu kwenye jedwali, huidai kompyuta nguvu kwa vipindi vifupi visivyozidi muda huo. Kwa kazi hizo kompyuta ya wati 15 huikaribia sana ile ya bei kubwa. Lakini anayehariri filamu, anayechora majengo kwa vipimo vya pande tatu, au anayechambua data za vinasaba, kama zile zinazotumika katika utafiti wa malaria katika kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI huko Kisian, huibana kompyuta kwa saa nyingi mfululizo, na kwake idadi ya mirija ni muhimu kuliko jina la kichakataji. Umeme nao una neno lake: betri ya saawati 50 inayotumiwa kwa wati 7 hudumu kama saa saba, ilhali ya saawati 90 inayonyonywa kwa wati 100 haifiki saa moja, na kwa mwalimu wa Kisiwa cha Mfangano anayetegemea paneli ya sola ya wati 100, chaja ya wati 65 hutoshelezwa na jua la mchana, lakini ya wati 230 hailishwi na paneli hiyo hata kidogo.

Mtego mkubwa basi si kompyuta nafuu wala si ile ghali, bali ni ile ya tatu, nyembamba na ghali, iliyofungwa kichakataji cha wati 45 juu ya mrija uliotengenezewa wati 15, ambayo hushinda majaribio ya dakika moja dukani na kushindwa kazi ya saa moja nyumbani. Zipo nyembamba zilizobuniwa vizuri zisizo na dosari hiyo, na zipo za mtumba ambazo gundi ya kupitishia joto imekauka na husahihishwa kwa gharama ndogo. Mnunuzi asiyejua aina gani iko mbele yake anaweza kumwomba muuzaji aiache ikifanya kazi nzito kwa dakika 20, alasiri na si asubuhi, huku kioo kikionyesha gigahezi za kichakataji: ikiwa kasi ya dakika ya ishirini inakaribia ile ya pili, shaba inatosha; ikiwa imeshuka kwa nusu, mnunuzi anatozwa bei ya kasi ambayo mrija hauwezi kuibeba, na ile ya bei nafuu iliyo kando yake ingemtendea haki zaidi.