Fremu Iko Kirumba, Google Haiioni

Ndugu zetu wengi walioko Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba wamewafungulia jamaa zao biashara Mwanza: duka la vifaa vya ujenzi Buzuruga, nyumba ya wageni Nyegezi, fremu ya dagaa jirani na Kirumba Mwaloni. Mtaji umeshatumwa na mzigo uko ndani. Kinachokwama ni kuiweka biashara kwenye ramani ya Google na kuithibitisha. Mtu anajaza kila kitu akiwa Houston, anabonyeza, anajibiwa kuwa uhakiki umeshindikana. Anarudia, jibu ni lile lile.

Mzizi wa tatizo ni anwani. Kwa miaka mingi njia kuu ya Google ilikuwa kutuma kadi ya posta yenye tarakimu 5, ukaziingize mtandaoni. Utaratibu huo unafaa kule ambako mleta barua anafika mlangoni. Kwetu barua huishia kwenye sanduku la posta, na Google haikubali S.L.P. iwe ndiyo mahali pa biashara. Halafu kuna Mwanza yenyewe. Panda Mabatini au Igogo uone: nyumba zimekaa juu ya mawe, bodaboda anakushusha chini, mengine unamalizia kwa miguu huku ukiulizia.

Hali imekuwa nafuu tangu Operesheni Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Agosti mwaka huo. Mitaa mingi ilipata vibao vya majina, nyumba zikapata namba, na postikodi za mkoa wa Mwanza huanza na 33. Andika anwani kama ilivyo kwenye kibao: namba, mtaa, kata, postikodi. Kama kibao kimeng'olewa, vuta ramani mwenyewe uweke alama juu ya paa la jengo. Alama ikiangukia ziwani, mhakiki hana sababu ya kukuamini.

Siku hizi njia inayotolewa mara nyingi ni video, na hapo ndipo sisi wa ughaibuni tunapojikwaa. Video hurekodiwa palepale kwa simu, mfululizo, bila kukatwa wala kuhaririwa, na isipungue sekunde 30. Inatakiwa ionyeshe mambo matatu: mahali, biashara yenyewe, na kwamba anayerekodi ana mamlaka nayo. Huwezi kuyafanya hayo ukiwa London. Picha tamu za ufunguzi alizokutumia mdogo wako WhatsApp hazisaidii kitu.

Tuchukue ile fremu ya dagaa. Kijana aanzie barabarani, aonyeshe kibao cha mtaa au jengo linalojulikana, apitishe kamera kwenye bango la duka la jirani, kisha bango lenu. Hapo atoe ufunguo, afungue kufuli huku simu ikiendelea kurekodi, aingie, aonyeshe magunia na mizani, apite nyuma ya kaunta na kuwasha mashine ya EFD. Ule ufunguo una uzito kuliko maneno yote mtakayoandika, maana mpita njia hawezi kufungua kufuli lisilo lake. Sura za wateja, vitambulisho na namba za akaunti za benki visionekane. Majibu huchukua hadi siku 5 za kazi. Msibadili chochote kabla hayajatoka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wasifu wa biashara kwenye Google ufunguliwe kwa akaunti iliyo kwenye simu ya mtu anayekaa dukani. Ukishathibitishwa, akuongeze wewe kama mmiliki. Najua wengine hawapendi, wanahofia ndugu kushika usukani. Lakini kama humwamini kwa akaunti ya Google, mzigo wa mamilioni ulimwachiaje?

Jina nalo huwaponza wengi. Bango linasema "Dagaa wa Ziwa", mtandaoni mtu ameandika "Dagaa wa Ziwa Bei Nafuu Jumla na Rejareja Mwanza". Hayo ya ziada yanaweza kufanya wasifu usimamishwe. Liandikwe jina lililo kwenye bango, na liwe lile lile kwenye leseni na kwenye cheti cha usajili cha BRELA.

Ukisimamishwa, rufaa ipo, lakini ina mtego: ukishafungua fomu ya ushahidi una dakika 60 tu za kupandisha nyaraka. Ziandaeni kwanza. Google hutaja leseni ya biashara, usajili, cheti cha mlipakodi na bili za huduma. Bili ya umeme msihangaike nayo, LUKU haina bili ya mwisho wa mwezi. Tumieni ya maji ya MWAUWASA, mradi jina na mahali vilingane na wasifu. Leseni itolewe na halmashauri sahihi pia: Kirumba na Buzuruga ziko Ilemela, Nyegezi iko Nyamagana.

Na vishoka wameshaingia humu. Wanapiga simu wakijitambulisha kuwa ni wa Google, wanadai ada ya uhakiki au wanaomba usome namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako. Kuweka biashara na kuithibitisha ni bure kabisa. Anayedai pesa au namba hiyo, mkatieni simu.