Wema wa Mtawala Hautoshi



Mpendwa msomaji, Dominika hii nakualika ufungue Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, aya ya 1 hadi ya 11. Waisraeli wamekwisha kuhesabiwa na nchi inakaribia kugawanywa. Ndipo wanatokea mabinti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa utaratibu uliokuwapo jina lake lingefutika na wao wangekosa ardhi. Mabinti hawa hawakubaki kunung'unika pembeni. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, viongozi na jumuiya nzima, wakasema neno lao. Musa hakuwafukuza wala hakuwajibu kwa papara. Alilipeleka shauri lao mbele ya Mungu, na Mungu akamwambia kuwa wanasema haki. Sheria ikabadilika.

Angalia jambo moja tunaloweza kulipita. Musa hakuwa mwizi wala dhalimu. Alikuwa kiongozi mwema kuliko wengi. Hata hivyo, walikuwapo watu ambao wema wake haukuwafikia mpaka waliposema wenyewe. Ndiyo kusema, hata kiongozi mwema kiasi gani, wema wake hauwezi kushika nafasi ya sauti ya wale anaowaongoza.

Habari hii inagusa swali linaloisumbua miji mikuu mingi ya dunia: nani auongoze mji ambamo Serikali yenyewe inakaa? Chukua Washington, mji mkuu wa Marekani. Una wakazi karibu laki saba, wengi kuliko jimbo zima la Wyoming. Wanalipa kodi za taifa na vijana wao wamekufa vitani kama wengine. Lakini hawana hata seneta mmoja, na mjumbe wao pekee katika Baraza la Wawakilishi haruhusiwi kupiga kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Haki ya kumpigia kura Rais waliipata kwa badiliko la Katiba la mwaka 1961, na meya na baraza lao kwa sheria ya mwaka 1973. Mpaka leo Bunge la nchi linaweza kuifuta sheria iliyotungwa na baraza hilo. Tangu mwaka 2000 wameandika malalamiko yao kwenye namba za magari: wanatozwa kodi bila kuwakilishwa.

Usiseme hayo ni ya mbali. Sisi tulioko Msangeni, juu milimani Upare, tuna watoto na ndugu Dar es Salaam na Dodoma, na miji hiyo ina historia yake. Mwaka 1972 Serikali ilizifuta serikali za mitaa nchini kote. Huduma za miji zikazorota, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1996 baraza la Jiji la Dar es Salaam lililochaguliwa na wananchi likavunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji ya kuteuliwa iliyokaa hadi mwaka 2000. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Leo mkazi wa Ubungo au Kigamboni ana diwani wake na mbunge wake, jambo ambalo mwenzake wa Washington analitamani. Lakini hakuna baraza moja la kulizungumzia jiji zima.

Dodoma nako, mwaka 1973 ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tunaijua kama CDA. Kwa zaidi ya miaka 40 ilishika ardhi ya mji. Barabara na mitaa vilipangwa, hilo tulikubali. Lakini wananchi walilalamikia hati za miaka 33, bomoabomoa na fidia, na diwani waliyemchagua hakuwa na nguvu juu ya chombo ambacho hakikuwajibika kwake. Mei 2017 mamlaka hiyo ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa. Mwaka uliofuata Dodoma ikawa Jiji.

Nasikia msomaji akiniuliza: "Padre, mbona mabaraza mengine ya kuchaguliwa ni vijiwe vya ugomvi na posho?" Ni kweli. Kabla ya mwaka 1996 Dar es Salaam ilielemewa na taka na barabara mbovu, na chini ya Tume uzoaji wa taka ulipata nafuu. Tusiwadanganye watu kwamba kura inafuta dhambi. Lakini mtoto akijikwaa tunamshika mkono, hatumkati miguu. Baraza bovu dawa yake ni wapiga kura walio macho, wakaguzi waaminifu na mahakama. Mji safi ambao wenyewe hawaulizwi kitu unafanana na nyumba ya kupanga: umetunzwa, lakini si wako.

Kanisa lina jina la fundisho hili. Ni kanuni ya auni, aliyoieleza Papa Pio XI katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931. Maana yake ni kwamba jambo ambalo familia, kijiji au mji unaweza kulifanya, wakubwa wasilipokonye; wausaidie tu pale unaposhindwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na amepewa akili na utashi. Ukimlisha na kumvisha bila kumpa nafasi ya kuamua, umemtunza mwili na kumnyima sehemu ya utu wake.

Wazee wetu wa Upare walilijua hili kabla ya uhuru. Kati ya mwaka 1944 na 1947 walipinga kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, bila watu wa kawaida kushirikishwa katika kuiamua. Maelfu walishuka milimani wakapiga kambi Same, kwenye makao makuu ya wilaya. Wanawake nao waliandamana wakidai shauri limalizwe, waume zao warudi nyumbani. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kama mifugo. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Mabinti wa Selofehadi wangewatambua kuwa ndugu zao.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji. Sauti iliyopatikana kwa gharama ile tunaitumiaje? Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa, wanakuja wazee wachache na mwenyekiti. Mapato na matumizi yanasomwa mbele ya viti vitupu. Kisha tunalalamika kwenye daladala. Na sisi mapadre tujiulize: halmashauri ya walei inaulizwa kabla ya ujenzi kuanza, au inaarifiwa wakati wa kuchanga? Wewe baba, ulipouza kile kipande cha shamba, mama na watoto waliulizwa?

Mitume walipoletewa malalamiko ya wajane waliosahauliwa, Matendo ya Mitume 6:1-6, hawakuteua watu faraghani. Waliita jumuiya nzima wakaiambia ichague watu saba, kisha wakawawekea mikono. Hakuna kilichopungua katika mamlaka ya Mitume siku ile, na wajane walipata chakula chao.

Wiki hii tafuta mtu mmoja ambaye umezoea kumwamulia, nyumbani, kazini au parokiani. Muulize anaonaje. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Nakutakia Dominika njema.