Koo la Mtoto Likiuma, Mpe Daktari Alitazame

Mama mmoja wa Kawangware aliniletea binti yake wa miaka 9 aliyekuwa akihema kila apandapo ngazi. Nilipomsikiliza kifuani, nilitambua vali ya moyo ilikuwa imeharibika. Mama alikumbuka koo la mtoto lilikuwa likiuma mara kwa mara. Kila mara alipotoka kazini mjini, alipitia duka la dawa akanunua tembe chache. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto afungue kinywa.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na huisha yenyewe. Lakini mengine huletwa na bakteria waitwao streptokoki, ambao huwashika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Yasipotibiwa sawasawa, wiki mbili au tatu baadaye mtoto anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kuuma, na moyo huweza kudhurika maishani.

Je, daktari hutofautishaje? Hutazama macho, masikio na pua, kwani macho mekundu, makamasi na kikohozi huelekeza kwenye virusi. Hupapasa shingo chini ya taya, ajue kama tezi zimevimba na zinauma. Kisha humwambia mtoto aseme "aaa", akibonyeza ulimi kwa kijiti na kumulika kwa tochi. Mafindofindo yaliyovimba yenye usaha, pamoja na homa bila kikohozi, humfanya ashuku streptokoki. Pengine atachukua ute wa koo ukapimwe.

Akithibitisha, atampa mtoto penisilini ya kumeza kwa siku 10, au sindano moja. Mweleze mapema ikiwa dawa hiyo iliwahi kumdhuru mtoto. Tembe zimalizwe zote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu. Usiweke nyingine akiba kwa ajili ya ndugu yake.

Mtoto akishindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Kutazama koo huchukua dakika chache tu, wala hakuhitaji mashine kubwa. Ukiandikiwa dawa kabla ya mtoto kuguswa, usione haya. Uliza kwa heshima: "Daktari, tafadhali, unaweza kulitazama koo lake?"