Wekundu wa Nyasi Haununuliwi kwa Mbolea

Anayefika Chicago mwezi Oktoba apite bustani ya Lurie. Ilifunguliwa mwaka 2004 juu ya paa la maegesho ya magari, na aliyeipangia mimea ni Mholanzi Piet Oudolf, aliyezipa nyasi heshima ambayo kwa kawaida huachiwa maua. Humo imo Panicum virgatum ya aina ya Shenandoah. Asili yake ni mbuga za Amerika Kaskazini, na ni ndugu wa mbali wa uwele.

Shika jani lake moja mwezi Julai: ncha imeshaanza kuwa nyekundu, huku kitako kikiwa kijani kibichi. Wekundu huo huteremka taratibu, na msimu wa majani kupukutika ukifika, jani limekolea rangi ya damu ya mzee. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mmea huvunja umbijani na protini za jani, kisha naitrojeni inayopatikana huihifadhi mizizini, mizizi inayoweza kuzama hadi meta 3. Umanjano uliokuwa umefunikwa na ukijani ndipo hujitokeza. Wekundu, lakini, haukuwa umejificha. Jani huutengeneza upya kwa kutumia sukari yake, na jua kali la mchana likifuatwa na usiku wa baridi huuzidisha. Wapo wanasayansi wanaoona kwamba rangi hiyo hulikinga jani na mwanga mkali wakati likiokoa virutubisho vyake.

Ndiyo maana inasikitisha kuona nyasi hizi zikimwagiwa mbolea. Zikishiba naitrojeni huota majani mengi mororo, mabua hulegea na kulala chini, na pambo lote huharibika. Zipande penye jua la kutwa, kwenye udongo wa kawaida, na uzimwagilie hadi zishike mizizi. Kivulini hazikolei.

Usizifyeke mapema pia. Mabua makavu yaache yasimame: ndege hula mbegu zake, wadudu hujihifadhi humo baridi yote. Fyeka majira ya baridi yakielekea ukingoni, kabla ya machipukizi, ubakize kama sentimeta 15.

Na kabla ya kununua, uliza asili ya nyasi. Pennisetum setaceum, yenye mashuke laini kama manyoya, ilitolewa Afrika ikapelekwa Hawaii kuwa pambo. Leo imetapakaa kwenye miteremko ya lava, na ikikauka huchochea moto unaoteketeza miti ya asili ya visiwa hivyo. Anza na nyasi za kwenu.