Ushuhuda wa Jumapili, Ushahidi wa Jumatatu

Huenda umewahi kupita mahali mtu ameuawa. Mwili umefunikwa shuka, watu wamejaa, na polisi anauliza nani aliona. Kimya. Lakini jioni, kila jikoni mtaani, watu wanasimulia walivyoona.

Hapa Kenya, uendeshaji wa kesi za mauaji umebadilika sana. Zamani mshukiwa alipelekwa kwanza kwa hakimu, ambaye alipima kama kuna ushahidi wa kutosha kabla kesi haijafika Mahakama Kuu. Hatua hiyo ikaondolewa mwaka 2003. Mwaka 2007 wakaondolewa wazee wa baraza, wale raia watatu walioketi na jaji na kumpa maoni yao. Katiba ya 2010 ikafungua mlango wa dhamana hata kwa mshtakiwa wa mauaji. Na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima, ili jaji amsikilize kwanza aliyepatikana na hatia.

Lakini hakuna sheria kati ya hizo inayoweza kusema uliyoyaona wewe. Jaji sasa anaamua bila wazee, naye hutegemea aliyoyasikia kortini. Mashahidi wakijificha, muuaji huenda akarudi nyumbani, au asiye na hatia akaendelea kuoza rumande.

Katika Hesabu 35, Mungu aliagiza mshukiwa asiuawe kabla ya kusimama mbele ya kusanyiko, tena asihukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Damu iliyomwagika ilidai haki, lakini si haki ya umati wenye mawe na hasira. Ilihitaji watu zaidi ya mmoja waliokuwa tayari kusema kweli.

Najua unaogopa, na hofu hiyo ina sababu. Ndiyo maana tangu 2006 tuna sheria ya kuwalinda mashahidi. Uliza kuihusu kabla ya kuamua kunyamaza. Nalo kanisa lisimwache shahidi aende kortini peke yake. Mama aliyefiwa na mwanawe anahitaji maombi yetu, lakini pia anahitaji yule jirani aliyechungulia dirishani usiku ule.

Ndugu yangu, tunapenda kusimama kanisani Jumapili kutoa ushuhuda. Je, Jumatatu ukiitwa mahakamani, utasimama?

Jumapili njema.